Jina la Mtoto wa Izak

Alida Olwagen alikuwa na masufuria kumi na manne motoni, kondoo ishirini waliokwisha chunwa, na wanawake arobaini wa kuwaamrisha, na kusema kweli alikuwa anafurahia. Wapo watu waliozaliwa kuongoza jeshi, Mungu akawanyima ndevu tu. Alida alikuwa mmojawapo.

Ulikuwa mkutano mkuu wa Chama kwa wilaya nzima, Jumamosi na Jumapili, pale kwenye malisho kando ya mto Doringspruit. Mwaka wa arobaini na mbili huo, dunia nzima inapigana, na Chama ndicho kilichowakusanya Makaburu wote waliosema vita hivi ni vya Waingereza, sisi havituhusu. Wanaume walikuwa na kazi yao: kupanda farasi, kupanga mistari, kuhutubia, kumsifu Hitler mpaka mishipa ya shingo inawatoka. Wanawake nao walikuwa na kazi yao, kuwalisha hao wanaohutubia. Walivaa magauni marefu na zile kofia za kitambaa za mabibi wa zamani, zinazofunika uso mpaka mashavuni, na kila msemaji aliyepanda jukwaani aliwaita mama wa taifa. Wanapigiwa makofi, halafu wanarudi kwenye vyombo. Na hata hivyo vyombo, tusidanganyane, vilioshwa na Mosidi na dada zake wawili, Wasotho waliofanya kazi shambani kwa Alida, ambao hakuna aliyewaita mama wa chochote.

Mumewe, Barend, ndiye aliyekuwa kamanda wa wilaya. Alida mwenyewe alikuwa kiongozi wa wanawake, na usidhani cheo alipewa kwa sababu ya mume. Alikuwa na miaka saba vile vita vya Makaburu na Waingereza vilipomtia yeye na mama yake kwenye kambi ya Waingereza, na humo walizikwa wadogo zake wawili ndani ya wiki moja, Jacobus na Hendrik. Tangu hapo ukitaka kumharibia Alida siku yake, mtajie mfalme wa Uingereza.

Sasa sikia mkosi. Mtoto wao wa pekee, Izak, alikwenda kujiandikisha kwenye jeshi la serikali, serikali iliyokuwa upande wa Waingereza. Akarudi nyumbani na utepe mwekundu mabegani, alama ya aliyeapa kwenda kupigana popote atakapotumwa. Barend alimfukuza uani hata kahawa hajaimaliza. Miaka miwili ilipita, Izak yuko jangwani Misri, na mkewe Dalena anaishi mjini kwa baba yake. Likizo Izak alipewa moja tu, Krismasi iliyopita, akaimalizia huko kwa mkewe.

Na Chama kilikuwa na amri yake: nyumba yenye utepe mwekundu haisalimiwi, haitembelewi, haiuziwi hata yai. Aliyewasomea wanawake amri hiyo ni Alida, kwa sauti kubwa, kidole juu. Mwezi wa saba alikutana na Dalena nje ya duka, mimba imemjaa, kabeba mfuko wa unga. Alida akavuka barabara. Hapo mimi simtetei. Alivuka, na mfuko wa unga aliuona.

Basi Jumamosi ile, saa tano hivi, wanawake wakiwa kwenye kukanda unga, mkokoteni wa farasi mmoja ukasimama ukingoni mwa malisho. Akashuka Dalena na kichanga mgongoni amekifunga kwa shali.

"Yesu wangu," alisema Breggie, msaidizi wa Alida, mwanamke mnene mwenye mdomo usiojua likizo. "Huyu ana moyo au hana akili?"

Dalena alipita katikati ya mioto. Mazungumzo yalikatika moja baada ya jingine, mpaka ikabaki sauti ya mafuta tu. Akasimama mbele ya Alida.

"Shikamoo, mama."

Alida alikuwa na mwiko mkononi. Arobaini walikuwa wanamtazama, na amri aliisoma yeye. Hakuitikia. Lakini macho yalimsaliti, yakaenda moja kwa moja kwenye kile kichwa kidogo chenye nywele nyekundunyekundu kama za Izak siku ile alipozaliwa, na moyo ukampasuka hapohapo.

"Sikuja kuwaharibia shughuli," alisema Dalena. "Nataka kuongea na baba."

Barend alikuwa anakuja tayari, na nyuma yake nusu ya kikosi. Wanaume bwana, wakisikia kuna ugomvi hata nyama wanaacha.

"Shikamoo, baba. Mtoto anabatizwa kesho saa nne. Izak ameniandikia, anasema tufuate mila, aitwe Barend. Nimekuja kukuomba ruhusa."

Hapa lazima ujue kwamba kwa watu hawa jina halichaguliwi, linarithiwa. Mtoto wa kiume wa kwanza huchukua jina la babu mzaa baba. Wa pili, la babu mzaa mama. Ndivyo ilivyokuwa tangu mababu, na mzee asiye na mjukuu wa jina lake huonewa huruma kama mtu asiyekuwa na kwao. Barend alikuwa akilingoja jina hilo tangu siku ya harusi ya Izak. Lakini watu mia walikuwa wanamsikiliza, naye ni kamanda.

"Mtoto wa utepe mwekundu habebi jina langu," alisema, kwa ile sauti ya jukwaani. "Mpe jina lolote ulitakalo. La kwangu, hapana! Nimesema, na hawa wote wamesikia."

Dalena alikaza fundo la shali. "Nimekusikia, baba. Basi linalofuata ni la baba yangu. Ataitwa Gert."

Wanawake walitazamana chini ya kofia zao. Halafu nyuma kabisa mtu akakohoa, na kikohozi kile kilikuwa kicheko.

Maana Gert Vosloo, baba yake Dalena, alikuwa nani? Alikuwa mtu aliyeweka bunduki chini kabla vita vya zamani havijaisha, akanyoosha mikono, akajisalimisha kwa Waingereza. Miaka arobaini imepita, nywele zimekuwa pamba, na bado watu walimwita Mikono-juu. Mtoto akitaka kumtukana mwenzake shuleni alimwita mjukuu wa Vosloo. Na ukoo wa Olwagen ndio huo uliopigana mpaka siku ya mwisho, wakazika watatu, na baba yake Barend akafa akiwa bado amekataa kumwamkia Mwingereza. Sasa mjukuu wa kwanza wa Olwagen aitwe Gert!

"Mikono-juu Olwagen," alinong'ona Breggie. "Haya, tumekwisha."

Shingo ilimwiva Barend. Angeweza kusema ngoja, tuongee. Neno moja tu lilitosha. Lakini kamanda wa farasi mia moja na hamsini atalambaje matapishi yake mchana kweupe? Aligeuka, akaenda zake. Dalena naye akapanda mkokoteni, akaondoka, na hakuna aliyemuaga.

Alida alimkuta mumewe ndani ya hema, anajifanya kusoma ratiba.

"Barend, mfuate yule binti."

"Nimeshasema mbele ya watu."

"Umesema upumbavu mbele ya watu. Kaseme busara mbele ya watu walewale."

"Alida, nisikilize. Kesho saa nne anafika jenerali wa Chama kutoka makao makuu. Kiongozi wa wanawake ndiye wa kumpokea kwa kahawa. Ndiyo desturi."

"Na mtoto je?"

"Hatuna mtoto huko."

"Wewe labda huna. Izak nilimzaa mimi, kwa uchungu wa saa ishirini na mbili, na wewe ulikuwa kwa jirani unakula biskuti."

Barend alikunja ratiba. Hakuwa mtu mbaya, Barend, alikuwa mtu aliyejifungia ndani na funguo akamkabidhi mtu mwingine. "Ukienda huko kesho," alisema taratibu, "beji yako ya uongozi iache hapa. Siwezi kuwa na amri kwa wake wa watu na nyingine kwa mke wangu."

"Hilo angalau ni la haki," alisema Alida, akatoka.

Alasiri yote alipika, akagomba, akaonja chumvi, na kichwani mwake walikuwa wale wadogo zake wawili. Mama yake alikuwa amemwachia wasia mmoja tu: ukizaa wavulana, Jacobus na Hendrik wasipotee. Lakini Alida alijaliwa Izak peke yake, na Izak akapewa jina la baba yake Barend, kama mila ilivyotaka. Majina ya wale watoto yakaishia kwenye vibao viwili vya mbao kule makaburini, mvua ikayafuta. Ulimuuma ule wasia. Na sasa mjukuu wake angebatizwa na hakuna mtu wa ukoo wake wa kumwingiza kanisani, kama kitoto kilichookotwa. Jukwaani msemaji alikuwa anapiga kelele kwamba wanawake ndio walinzi wa damu na jina la taifa. Alida alichochea moto, akajiuliza huyu bwana ana wajukuu wangapi na amewahi kumfuta makamasi yupi.

Jumapili saa tatu kasorobo, jemu ya aprikoti ikiwa ndiyo kwanza inaanza kutokota, Alida alimpa Breggie mwiko mkubwa.

"Koroga. Usiache, itaungua."

"Unakwenda wapi?"

"Kanisani."

Breggie alimtazama akifungua beji kifuani na kuiweka juu ya pipa la unga.

"Na jenerali atapokelewa na nani?"

"Wewe. Mpe kahawa, mwite baba, cheka akichekesha."

"Asipochekesha?"

"Cheka hivyohivyo. Si ndiyo kazi yetu?"

"Alida." Breggie alimshika mkono. Macho yake yalikuwa yamelowa, na haikuwa moshi. "Msalimie yule binti. Mwambie mimi yai ningemuuzia. Nilikuogopa wewe."

Neno hilo lilimwingia Alida kama mwiba, na alikwenda nalo njia nzima, amejikalia kwenye gari dogo la punda, amevaa lile gauni refu linalonuka nyama.

Kanisa lilikuwa tupu zaidi ya nusu, wengi walikuwa mtoni kwenye mkutano. Mlangoni alisimama Dalena, na pembeni yake mzee Gert Vosloo ndani ya koti la harusi yake mwenyewe, limemzidi sasa.

"Shikamoo, mama," alisema Dalena, kwa sauti ya mtu asiyetegemea jibu.

"Marahaba, mwanangu." Alida alishusha pumzi. "Mwezi wa saba nilikuona na mfuko wa unga. Nikavuka barabara."

"Nilikuona, mama."

"Nilifanya vibaya."

"Ulifanya vibaya sana, mama," alisema Dalena. Hakulia, wala hakumkumbatia. Alimwangalia tu, halafu akamfungua mtoto kwenye shali, akamweka mikononi mwa Alida. Kwa mila yao mtoto wa ubatizo huingizwa na mwanamke wa upande wa baba. Alida akamnusa kichwani, akamnusa tena, mwanamke mzima yule.

Mzee Gert akavua kofia. "Bi Alida, mimi nimemkataza huyu binti. Jina langu nimelibeba miaka arobaini, uzito wake naujua. Wamwite Barend. Mumeo atakasirika, kisha atapoa. Lakini hili la kwangu halitapoa, litamfuata mtoto mpaka shuleni."

Alida hakuwahi kuongea na mtu huyu maishani. Wanapokutana njiani alikuwa anatazama mbali. Sasa, kwa sababu hakuwahi kujifunza kuzungukazunguka, alimuuliza waziwazi.

"Kwa nini ulinyoosha mikono?"

Mzee aligeuzageuza kofia. Huenda hakuna aliyewahi kumuuliza. Kumtukana ndiyo, kumuuliza hapana. "Mke wangu alikuwa kambini, na mwanetu wa kwanza, mchanga. Nikaambiwa nikijisalimisha watatolewa."

"Wakatolewa?"

"Mke wangu walimtoa. Mtoto alikuwa ameshakwenda."

Alida alisimama pale mlangoni. Alimwona mama yake, akimfunga Hendrik kwenye blanketi la jeshi. Laiti baba yake Alida angerudi kutoka vitani siku ile, mikono juu, mikono chini, kwa magoti hata, mama yake angemkimbilia. Hilo alilijua sasa, na lilimshtua kwamba hakuwahi kulifikiri kabla.

"Twende ndani," alisema. "Na wewe mzee, benchi la mbele. La Olwagen."

Mchungaji alikuwa mtu mzima, mpole, aliyejua habari zote za wilaya kwa sababu hakuna aliyenyamaza mbele yake. Mahubiri na wimbo vikaisha, akateremka kwenye beseni la maji.

"Mtoto huyu anaitwa nani?"

Dalena alimgeukia Alida, kama vile anamwambia, mama, sasa ni juu yako. Nyuma yao mzee Gert alinong'ona, na kanisa zima likamsikia, "Barend. Semeni Barend jamani."

"Gerhardus," alisema Alida. "Gert, kwa kifupi. Gert Olwagen."

"Una hakika, Alida?"

"Babu wawili walialikwa, mchungaji. Huyu ndiye aliyekuja. Mwagia maji."

Maji yakamwagwa. Mtoto akapiga kelele za kuita majirani, na mzee Gert akaficha uso ndani ya kofia, mabega yanatikisika. Na wakati huohuo mlango wa nyuma ukafunguka, ikasikika sauti ya buti zenye vyuma vya kuchochea farasi, zikakwama hapohapo. Alida hakuhitaji kugeuka. Mwendo ule alikuwa ameishi nao miaka ishirini na saba.

Watu walipotoka, Barend alikuwa bado amesimama kwenye benchi la mwisho, vumbi limempaka mpaka kwenye kope.

"Mmemwita nani?"

"Gert," alisema Alida.

Alitikisa kichwa kama mtu aliyepigwa kofi alilolitarajia. "Nimekuja mbio. Farasi amebaki roho tu."

"Na jenerali?"

"Ndiye huyo huyo aliyenileta. Kafika, kashuka garini, kaniuliza mbele ya kikosi kizima, kiongozi wa wanawake yuko wapi. Nikasema amekwenda kubatiza mjukuu wetu." Barend alifuta jasho. "Nikajisikia nikisema wetu. Mbele ya watu wote. Ningefanyaje tena, Alida? Nikapanda farasi."

"Kumbe mdomo wako kuna siku unafanya kazi."

"Nimechelewa lakini." Alimtazama mzee Gert, na mzee Gert akamtazama, na ilikuwa mara ya kwanza wale wawili kutazamana bila mmoja kutema mate. "Jina langu limekwenda."

"Halijakwenda, baba," alisema Dalena. Alikuwa anamfunika mtoto, hakuinua hata uso. "Mila ni mila. Wa kwanza amechukua la baba yangu, wa pili atachukua la kwako. Wa pili ndiye Barend."

"Wa pili yuko wapi?"

"Baba yake yuko jangwani. Akirudi mzima, wa pili atapatikana."

Wiki ile ndiyo redio ilikuwa inasema mizinga imeanza kulia kule Misri, mchana na usiku, haijawahi kutokea. Barend ndiye aliyekuwa akiifungulia redio ya Berlin kila jioni, na kwa miaka miwili, kabla ya chakula, alikuwa anamwomba Mungu awasage Waingereza na wote walio pamoja nao jangwani mpaka asibaki mtu. Wote walio pamoja nao. Alida aliona neno lile linamfika. Liliingia polepole, likashuka, na Barend akashika mgongo wa benchi, akakaa chini.

"Anaandika?" aliuliza. "Anasema... anasema yuko upande gani kule? Yuko mbele?"

"Barua ya mwisho ni ya wiki tatu zilizopita," alisema Dalena. "Alikuwa mbele."

Mchungaji alikuwa amefika na funguo. Barend akainua mkono. "Usifunge kwanza. Nakuomba."

Akapiga magoti kwenye mbao, yeye na vumbi lake na vyuma vyake. Alida alipiga magoti kando yake, mtoto mikononi. Tangu siku ile ya kahawa iliyoachwa nusu kikombeni, hakuwahi kulisikia jina la mwanawe likitoka kinywani mwa mumewe.

"Izak," alisema Barend, kwa sauti ileile ya kuamrisha wapanda farasi, halafu akaanza upya, kwa sauti ya chini. "Izak, Bwana. Mrudishe. Mrudishe mzima."

"Amina," alisema mzee Gert.